Mjomba, bastola ya marehemu baba imenishinda mkono, je niiache?

Mjomba shikamoo,

Naomba jina langu ulifiche maana kaka yangu husoma safu hii. Mi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 43, nina biashara yangu nafunga usiku na mara nyingi natoka na hela za siku nzima. Nina leseni ya kumiliki na kubeba, kila kitu kiko kihalali, hilo usiwe na wasiwasi nalo.

Bastola ninayobeba ni Makarov ya marehemu baba. Alibeba yeye miaka na miaka, na alivyoanza kuumwa akaniita mimi na sio kaka, akasema hii ibadilishwe iwe kwa jina lako, wewe ndo unafunga usiku. Yeye ndo alinifundisha kila kitu juu ya ile kitu, tukikaa mezani risasi ziko chumba kingine, ananiambia "sefti juu, nyundo inalala", yani ukipandisha kile kiwashio cha usalama ile nyundo ya nyuma inashuka, basi na mimi narudia sefti juu nyundo inalala, mpaka leo nikiishika hayo maneno yanatoka yenyewe mdomoni. Pale kwenye kitako kuna sehemu imekwanguka rangi, ni pale pale kilipokuwa kinakaa kidole chake cha kati. Changu hakifiki hapo vizuri.

Sasa tatizo. Kwanza slaidi yake, ile sehemu ya juu ya kuvuta nyuma, ngumu, mkono wangu wa kushoto una shida ya kifundo, na mikono ikiwa na jasho ndo kabisa, kuna siku nimevuta mara tatu haiji. Pili ni nzito, nikiivaa kiunoni nguo inalala upande mmoja kila mtu anaona, kwa hiyo nikawa naiweka kwenye mkoba. Tatu wiki mbili zilizopita kwenye mazoezi ya shabaha ilikwama. Kuna mtu alinigawia risasi zile za ncha yenye shimo, ya kwanza ikatoka ya pili ikasimama katikati imegonga pale chini ya chemba, lile tundu la kuingilia risasi, nikaitoa kwa kuhangaika na ncha imebonyea, nimeirudisha tu kwenye boksi.

Huyo huyo mtu akanipa nijaribu yake, SIG P365. Mjomba ile kitu nyembamba! Nikaona haiwezekani hii ibebe risasi kumi. Slaidi nikavuta mara moja ikaja. Lakini nilipofyatua iliruka mkononi kama samaki, na shabaha zangu zikatawanyika kuliko za Makarov, na halafu kila nikimaliza kidole gumba changu kinatafuta sefti hakioni kitu. Yani naiweka mezani naona kama nimeacha mlango wazi. Yeye anasema hizi za kisasa hazihitaji, wewe umezoea vitu vya zamani tu. Mwingine pale anasema chukua Glock 43X, mwingine anasema achana na hao, Makarov itakuzika na wewe na itaendelea kupiga.

Kaka yangu nilivyomgusia tu akasema ukiitoa hiyo umemtoa baba nyumbani. Tangu siku hiyo hatuongei vizuri. Na mume wangu yeye hataki bastola ya aina yoyote, anasema kama lazima basi iwe mpya, angalau sio ya kurithi. Baba mwenyewe angekuwepo ningemuuliza, alikuwa hana maneno mengi, nakumbuka kabla ya Makarov alikuwa na kibastola fulani cha 7.65 kidogo kizuri cha kung'aa, alikiachia akasema kinamng'ata mkono, basi.

Kuna jambo lingine nilikuwa sitaki kuliandika. Mwezi uliopita nilirudi nimechoka nikaweka mkoba kwenye kiti, nikageuka kuvua viatu, nikamkuta mdogo wangu wa miaka sita kaingiza mkono mle anatafuta kalamu. Alitoa funguo. Alitoa funguo tu Mjomba, lakini usiku ule sikulala.

Niambie, ile Makarov ndo imezeeka au mimi ndo siiwezi? Nibadilishe au nikomae nayo?

Mimi binti wa mzee

*

Marahaba binti yangu, na pole kwa mzee.

Nimesoma barua yako mara mbili. Umeniuliza swali moja la chuma, lakini naona umeniwekea mezani mambo matatu, chuma, baba, na mkoba. Uniruhusu nianze na mkoba kwa sababu hayo mengine mawili yanaweza kusubiri hata mwaka na huo hauwezi kusubiri kesho. Mkoba unawekwa chini. Unaning'inizwa kwenye kiti, unaporwa, unapekuliwa na mtoto anayetafuta kalamu, na humo ndani kuna funguo na kalamu hiyo hiyo vinavyoweza kuingia kwenye triga. Ukibadilisha Makarov kwa P365 ukaiweka kwenye mkoba ule ule, bado kiti kile kitakuwa na hatari ile ile, labda zaidi. Kwa hiyo kabla hujaamua lolote, au inakaa mwilini mwako ndani ya ala ngumu inayofunika triga yote, au inakaa kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa, hakuna pa tatu. Sikulaumu, na nakushukuru uliandika hata ulipokuwa hutaki. Nilifanya kazi ya ufundi silaha na kufundisha shabaha muda mrefu, na wale walionieleza kitu kama hicho mapema ndo niliolala usingizi nikiwafikiria.

Haya, tuje kwenye chuma.

Makarov ilianza kutumika rasmi jeshini kwa Wasovieti mwaka 1951. Ina gramu 730 hivi bila risasi, inabeba risasi 8, urefu wake ni kama sentimita 16. Ugumu wa ile slaidi hausababishwi na uzee, ilizaliwa hivyo. Bastola ya aina hii haina kitu kinachofunga mtutu na slaidi pamoja wakati wa kufyatua, kinachozuia nguvu ya baruti isirudi nyuma mapema ni uzito wa slaidi na ukali wa springi tu, basi springi lazima iwe kali. Kwenye hizi za kisasa zinazopiga risasi za 9 kwa 19 (upana na urefu wa ganda kwa milimita), mtutu umefungwa na slaidi, vinarudi pamoja kidogo halafu mtutu unainama nyuma vinaachana, kwa hiyo springi haihitaji kubeba kazi yote peke yake. Ndo maana ile ya mwenzako ilikuja mara moja. Wewe huna udhaifu wowote hapo, ni hesabu tu za chuma.

Lakini sijui kama mzee alikuonyesha hii. Ukiwa na ile Makarov, mdomo umeelekea sehemu salama na kidole kiko mbali na triga, sefti ishushe kwanza maana ikiwa juu inafunga na slaidi, kisha vuta nyundo nyuma kwa kidole gumba. Nyundo ikishakuwa nyuma, slaidi haina tena kazi ya kuikoki, utaona imelegea. Halafu usivute kwa vidole viwili, ifunike slaidi na kiganja chote kwa juu, iweke karibu na kifua, na mkono wa kulia ndo usukume mbele kwa nguvu badala ya wa kushoto kuvuta. Kifundo chako kitakushukuru. Ukimaliza kupakia, yale maneno ya mzee, sefti juu nyundo inalala. Jaribu hilo mara hamsini bila risasi, risasi zikiwa chumba kingine kama alivyokuzoesha, ndo uniambie kama bado imekushinda. Huenda imekushinda kweli. Ila tujue kwanza.

Kukwama je? Umeichukulia kama dalili ya uzee na mimi nina mashaka kidogo. Bastola nyingi za enzi zile zilitengenezwa kwa risasi za ncha ya duara, zinateleza vizuri kuingia chemba. Ncha ya shimo ina ukingo, inaweza kujigonga pale pale ulipoeleza. Pia inawezekana springi ya magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye kitako, imechoka, au ile ya slaidi, ni lini mara ya mwisho zimebadilishwa? Kama jibu ni hujui, basi hata mzee labda hakuzibadilisha. Hizo ni vitu vya kuisha kama tairi. Mpelekee fundi mwenye kibali aifungue yote, atazame na ile pini ya kufyatulia, kwenye Makarov inacheza huru haina springi ya kuirudisha, kwa hiyo ikianguka vibaya kwa mdomo kuna wasiwasi ambao zile za kisasa zenye kizuizi cha pini zimeuondoa kwa sehemu kubwa. Hiyo moja sitaificha, na kwa mtu anayebeba kila siku ni ya kuiwazia.

Sasa ile ya mwenzako. P365 ilitoka 2018 na iliwashtua watu wengi kwa sababu hiyo hiyo iliyokushtua wewe, risasi 10 kwenye kitu cha nusu kilo chenye unene wa karibu sentimita 2.5. Bastola ndogo ya risasi 10 ilikuwepo tangu zamani, Glock 26 ya 1995 ni kumi, ila ile ni kipande cha tofali, ukiivaa tumboni unajua umevaa. Hawa wapya walichofanya ni kwenye magazini, risasi zinapangana kwa kupishana kidogo badala ya safu mbili kamili, wakapata nafasi bila kuongeza unene. Glock 43X iliyokuja 2019 nayo ni kumi, kitako chake kirefu kidogo, kwa hiyo vidole vyote vitatu vinapata pa kukaa na inatulia mkononi, ila kitako ndo kinachochomoza kwenye nguo kuliko kitu kingine. Unapata huku unatoa kule.

Na ile kuruka kama samaki, nimecheka lakini umesema kweli. Watu wanadhani kidogo ndo rahisi. Risasi ya 9 kwa 19 inasukuma zaidi ya 9 kwa 18 ya Makarov, halafu umeiweka kwenye bastola iliyopungua gramu 200 na ushee, hiyo nguvu iende wapi kama sio mkononi kwako? Kwa hiyo mwenzako akisema umezoea vya zamani, yuko sawa nusu. Nusu nyingine ni kwamba bastola ya baba yako, kwa uzito wake na mtutu wake uliosimama bila kuinama, kweli inapiga kwa utulivu. Zile shabaha zako zilizotawanyika hazikukudanganya. Lakini pia ulipiga risasi ngapi, ishirini? Mtu hajui bastola kwa risasi ishirini za kuazima.

Kuhusu sefti, hapa nataka tuulizane taratibu. Unasema bila sefti unaona umeacha mlango wazi. Hizo bastola hazikuachwa wazi, vizuizi vyake viko ndani na vinaachia pale triga inapovutwa hadi mwisho. Ila neno lenyewe ni hilo, pale triga inapovutwa. Haijui kama iliyoivuta ni kidole chako au ncha ya mtandio uliojisokota kwenye ala wakati unairudisha bila kuangalia. Makarov ya mzee, nyundo ikiwa imelala, triga ya kwanza ni ndefu na nzito, inakupa sekunde ya kujirudi. Hizi mpya triga ni fupi. Kwa hiyo mtu wa bastola mpya hamna mchezo kwenye ala, na kurudisha ni polepole kwa kuangalia, hakuna anayekukimbiza wakati wa kurudisha.

Kama kidole gumba chako hakikubali kabisa, P365 ipo pia yenye sefti ya nje, na kwa bahati inakwenda kama ya Makarov, juu ni salama, chini ni tayari. Tofauti ni kwamba iko kwenye fremu sio kwenye slaidi, na haina nyundo ya kulaza, kwa hiyo lile sentensi la mzee litabaki nusu. Na kama shida kubwa ni kifundo, kuna Shield EZ ya Smith & Wesson, ile ya risasi za .380 ilitoka 2018, ina nyundo iliyofichwa ndani na slaidi laini kabisa, wameitengeneza makusudi kwa mikono yenye shida kama wako. Ni kubwa kuliko P365 na risasi zake 8, sawa na za Makarov, na .380 ni dhaifu kidogo, lakini risasi dhaifu kidogo inayokwenda unapoitaka... unanielewa. Nakutajia tu uijue, sisemi kanunue.

Wapo watakaokwambia weka zote mbili, leo hii kesho ile kutegemea na nguo. Kisheria inategemea leseni ya unakoishi inasemaje, uliza kwanza. Lakini mi naogopa sana kitu hicho kwa sababu ya kidole gumba chako kile kile. Mkono ukiwa na hofu haufikiri, unafanya ulichozoea. Magazini ya Makarov unaitoa kwa kukibana kile kishikio cha chini ya kitako, za kisasa ni kitufe karibu na kidole gumba, usiku mmoja mkono utatafuta kitu ambacho hakipo. Na risasi zenyewe zinafanana majina tu, ya Makarov kipenyo chake ni kama milimita 9.3 na Parabellum, yani ile ya 9 kwa 19, ni kama 9.0, haziingiliani, zikichanganyika kwenye droo moja ni tatizo. Ukichagua njia hiyo basi moja iwe ya kubeba na nyingine ya mazoezi au ya kukaa, usizizungushe.

Kuna na njia ambayo mume wako ameigusa na hujaijibu, ya kutobeba kabisa. Sikwambii uifuate. Nakuuliza tu, hela za siku nzima lazima zitoke na wewe, usiku, peke yako, kila siku? Kama kuna namna ya kuzitoa mchana, au kutoka wawili, au kufunga saa moja mapema siku mbili tatu kwa wiki, basi hata ukiendelea kubeba umeshapunguza zile nyakati ambazo ungeihitaji. Bastola inaingia pale mengine yote yameshindwa. Na mume wako anaposema "angalau sio ya kurithi", mi nimejiuliza hapo anaongelea springi au anaongelea kitu kingine. Mkae muongee, na hii ya mtoto na kalamu umwambie kama hujamwambia. Ni nyumba yake pia.

Kaka yako sasa. Amesema ukiitoa hiyo umemtoa baba nyumbani, na nadhani hilo ndo linalokuzuia kuliko slaidi. Ila angalia, kuacha kuibeba na kuitoa nyumbani ni vitu viwili, na yeye ameviunganisha kwa sentensi moja. Inaweza kukaa kwenye kisanduku kwa jina lako, kama leseni inaruhusu. Sehemu nyingine inawezekana hata kuizima kabisa na fundi mwenye mamlaka ikabaki ukumbusho, japo hapo hairudi tena kuwa bastola, na kaka akisikia anaweza kulia zaidi. Na huenda kaka analilia kwamba hakuitwa yeye siku ile. Hilo bastola mpya haiwezi kulitibu, wala ya zamani.

Halafu umeandika kwa kupitia tu kwamba mzee alikuwa na kile cha 7.65, kizuri, cha kung'aa, akakiachia kwa sababu kinamng'ata mkono. Vile vibastola vidogo vya aina hiyo kweli vingine slaidi inashuka na kukwangua nyama ya juu ya gumba, wenye mikono mikubwa wanavijua. Unasema ungemuuliza angekuwepo. Soma tena mstari wako huo ukiwa umetulia.

Wiki hii mi ningependa ufanye mawili matatu kabla ya kuniandikia tena. Fundi aifungue na abadilishe springi. Ujaribu ile ya kukoki nyundo kwanza. Halafu uombe upige ile P365 au 43X au EZ, yoyote, risasi mia mbili kwa siku tofauti na sio kwa mkupuo mmoja, uone siku ya tatu mkono unasema nini. Na chochote utakachobeba, kipige kwa aina ile ile ya risasi utakayobeba nayo, magazini kadhaa, bila kukwama hata mara moja.

Ile risasi uliyoitoa imebonyea ncha, umesema umeirudisha kwenye boksi. Itafute leo uitenge. Risasi ikigongwa ncha inaweza kurudi ndani ya ganda, baruti inabanwa, na presha inapanda siku utakayoifyatua. Mpe huyo fundi unapompelekea bastola, atajua pa kuipeleka.

Mjomba